Wasifu wako usiandikwe na steshenari

Karibu na malango ya vyuo vikuu vyetu, kuanzia Mlimani hadi Mazimbu, hazikosekani steshenari zinazochapa wasifu kwa shilingi elfu chache. Mwanafunzi anaingia na flashi mkononi, anaeleza kwamba tangazo la kazi linafungwa kesho. Kijana wa kwenye kompyuta anafungua faili la mteja aliyetangulia, anafuta jina, anaingiza jipya, anabadilisha mwaka wa kuzaliwa, shule ya sekondari na namba ya simu, kisha anachapa. Sehemu ya chini haiguswi. Huko mwombaji anatajwa kuwa mchapakazi, mwaminifu, anayejituma, anayeweza kufanya kazi katika mazingira magumu bila kusimamiwa, na anayependa kusoma vitabu, kutazama mpira na kusafiri.

Ofisa rasilimali watu anazipokea sifa hizo kutoka kwa vijana wengi kwa mpangilio uleule wa maneno, pengine na kosa lilelile la herufi. Atawatofautishaje? Anatazama chuo, anatazama daraja la shahada, anahamia kwenye faili linalofuata. Kijana aliyekesha miaka mitatu akisoma, na ambaye mzazi wake aliuza ng'ombe ili ada itimie, anawekwa pembeni bila mtu kujua anaweza nini. Hilo linaniuma, hasa kwa kuwa dawa yake haihitaji fedha.

Simlaumu kijana wa steshenari. Yeye anachapa anacholetewa, na asipoletewa kitu anaazima alichonacho. Kasoro iko kwa mwanafunzi anayeamini kwamba hana cha kuandika. Ukimuuliza kwa nini hakuandika habari zake mwenyewe, jibu ni moja: "Mimi bado sina uzoefu." Nimesikia jibu hilo kwa wanafunzi wa uhasibu, wa kilimo, wa sosholojia na wa ualimu, na kila nilipokaa na mmoja wao nusu saa tukizungumza, uzoefu ulijitokeza. Ulikuwa umelala tu, kwa sababu hakuna aliyewahi kumwambia kwamba huo nao ni uzoefu. Wasifu unasimama juu ya mambo uliyoyafanya kwa mikono yako, na sifa nzuri msomaji atazitoa mwenyewe humo.

Tuanze na fildi, maana ndiko wengi wanakopoteza utajiri wao. Programu nyingi za shahada humtaka mwanafunzi afanye mafunzo kwa vitendo, na Bodi ya Mikopo imetenga fungu kwa ajili hiyo kwa wanufaika wake. Wiki nane au zaidi mwanafunzi anakaa halmashauri, benki, hospitali, kiwandani au kwenye chama cha ushirika. Akirudi, kwenye wasifu anaandika mstari mmoja: alifanya mafunzo kwa vitendo idara ya fedha, halmashauri fulani, Julai hadi Septemba. Mstari huo unamweleza msomaji kwamba kijana alikuwepo mahali hapo. Hausemi alifanya nini.

Hebu tumkalishe mwanafunzi huyo tumuulize. Asubuhi ulikuwa unaanza na nini? Nilikuwa nalinganisha makusanyo ya mashine za POS na fedha zilizopelekwa benki. Mashine za nani? Za wakusanyaji wa ushuru sokoni na stendi. Zisipolingana? Naandika orodha, nampelekea mhasibu wa mapato, naye anamwita mkusanyaji. Kazi nyingine? Kupanga hati za malipo na viambatisho vyake kabla hazijaingizwa kwenye MUSE, mfumo wa ulipaji serikalini. Basi, wasifu umeanza kujiandika:

"Nililinganisha kila siku makusanyo ya mashine za POS na fedha zilizopokelewa benki, niliandaa orodha ya tofauti na kuikabidhi kwa mhasibu wa mapato. Nilikagua ukamilifu wa hati za malipo na viambatisho vyake kabla ya kuingizwa kwenye mfumo wa MUSE."

Hakuna neno "mchapakazi" wala "mwaminifu" humo. Lakini mhasibu mkuu wa kampuni yoyote akisoma mistari hiyo anaelewa kwamba kijana huyu amewahi kushika makusanyo na anajua tofauti inapoonekana anaiandika na kuipeleka kwa mhusika. Uaminifu umeonekana bila kutangazwa.

Wapo watakaosema kwamba fildi yao ilikuwa ya kukaa masjala na kubeba mafaili. Ni kweli, ofisi nyingi hazimpi mwanafunzi kazi ya maana, na hilo ni jambo la kuzungumza na wakuu wa ofisi siku nyingine. Hata hivyo, masjala ni kazi. Kama ulipanga majalada kwa namba za kumbukumbu, ukafungua daftari la kuonyesha nani kachukua jalada gani na amerudisha lini, andika hivyo. Ofisi inayopoteza barua kila wiki itakuelewa haraka kuliko unavyofikiri.

Chombo kinachosaidia hapa ni logibuku. Wanafunzi wengi huijaza usiku wa kuamkia siku ya msimamizi kuja, tena kwa kunakiliana, kisha wanaikabidhi chuoni na hawaioni tena. Jambo la busara ni kuijaza kila jioni, na kabla ya kuikabidhi upige picha kila ukurasa kwa simu. Mwaka mmoja baadaye, unapokaa kuandika wasifu na kumbukumbu zimepotea, picha hizo zitakukumbusha kwamba wiki ya tatu ulihesabu mali ghalani na wiki ya tano ulikaa dirishani ukipokea malalamiko ya wateja. Idadi nazo zimo humo: hati ngapi, wateja wangapi, vijiji vingapi. Idadi ambayo huikumbuki na hukuiandika popote, iache. Usibuni.

Nje ya fildi kuna eneo ambalo wanafunzi wanalionea aibu, nami natamani waache. Wapo wanaosoma huku wanaendesha kibanda cha uwakala wa fedha kwa simu jioni na wikendi. Wapo wanaouza mitumba mabwenini, wanaofundisha tuisheni watoto wa kidato cha pili, wanaosuka wenzao, wanaotunza hazina ya kikoba. Wanapoandika wasifu wanaviacha vyote, wakihofia vitaonekana vidogo mbele ya watu wa ofisini. Lakini fikiria meneja wa tawi la benki anayetafuta mtu wa dirishani. Mbele yake kuna waombaji kumi wenye shahada ya biashara. Mmoja ameandika: "Nilisimamia kibanda cha uwakala wa fedha kwa simu kwa miaka miwili nikiwa masomoni, nililinganisha floti na fedha taslimu kila nilipofunga, na kutunza daftari la miamala." Huyo mmoja anajua joto la kukosa elfu hamsini saa mbili usiku na kuitafuta mpaka ipatikane. Meneja analijua joto hilo pia. Watazungumza.

Vivyo hivyo kwa aliyekuwa mweka hazina wa kwaya, katibu wa umoja wa wanafunzi wa mkoa wake, au CR wa darasa kubwa ambaye kila wiki alikuwa akihangaika na wahadhiri kuhusu ratiba na vyumba. Cheo peke yake hakitoshi. "Mwakilishi wa darasa, 2023 hadi 2024" ni jina tu. Eleza uliratibu nini, kwa watu wangapi, na kitu gani kilibadilika.

Kuna pia kazi za muda ambazo taifa zima linazifahamu. Agosti 2022, Tanzania ilipofanya Sensa ya Watu na Makazi, ukarani uliwapa vijana kazi ya kupita kaya kwa kaya na vishikwambi mkononi. Hesabu iliyotoka ilikuwa watu 61,741,120, na kila mmoja katika hao alihojiwa au kuorodheshwa na karani fulani. Kijana aliyekuwa karani alifunzwa dodoso, alijifunza kuingiza taarifa kwenye kishikwambi, alibisha hodi kwa watu wasiomfahamu na kuwashawishi wamjibu, na alitunza siri zao. Shirika lolote linalofanya tafiti linawatafuta watu wa namna hiyo. Nimeona wasifu ambao jambo hilo limeandikwa kwa maneno mawili tu, "Karani sensa", chini kabisa, baada ya kutazama mpira.

Utafiti wa mwaka wa mwisho nao hupuuzwa. Miezi mingi mwanafunzi ameishughulikia mada yake: ameandaa dodoso, ameomba kibali, amekwenda uwandani, amechambua takwimu, ametetea mbele ya msimamizi. Kwenye wasifu haupo, au upo kama kichwa cha habari kirefu chenye maneno thelathini. Andika kwa ufupi ulichunguza nini, wapi, ulihoji wangapi, na ulitumia zana gani. Hapo ndipo ujuzi wa kompyuta unapata mahali pa kukaa. Mtu akiandika "ninajua kompyuta" hajasema chochote; akiandika kwamba alikusanya majibu kwa KoboToolbox na kuyachambua kwa SPSS, au kwamba alichora ramani za mashamba kwa QGIS, mwajiri anaelewa hasa anachonunua.

Mpangilio hauna haja ya maneno mengi. Jina, simu na barua pepe iliyo na jina lako halisi vikae juu. Kwa aliye bado chuoni au ametoka jana, elimu itangulie. Kwa mwenye miaka kadhaa kazini, kazi itangulie. Ya karibuni ianze, ya zamani ifuate. Ufaulu wa 3.5 kwenda juu, yaani daraja la pili la juu na kuendelea, uandike bila kusita. Ulio chini ya hapo unaweza kuuacha kama tangazo halijautaka, maana transkripti itasema yenyewe, na nguvu yako uipeleke kwenye kazi ulizofanya. Kurasa mbili zinatosha. Ushauri wa ukurasa mmoja unaozagaa mitandaoni una asili ya Marekani, na matangazo ya kwetu yanayotaka elimu yote tangu sekondari pamoja na wadhamini watatu hayaenei humo bila kubana herufi mpaka zisisomeke.

Sasa yale ya kuondoa. Faili la steshenari huja na dini, hali ya ndoa, mara nyingine kabila, mkoa wa asili, hata urefu na uzito. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, katika kifungu cha 7, inamkataza mwajiri kubagua kwa misingi ya kabila, mahali mtu atokako, dini, jinsi, hali ya ndoa, ujauzito, ulemavu na mengine kadhaa, na ulinzi huo unamgusa hata anayeomba kazi. Kama sheria inasema hayo yasiangaliwe, kwa nini wewe uyapeleke mwenyewe mbele ya macho ya anayechagua? Dada aliyeolewa na aliyejifungua karibuni ana sababu zaidi ya kuyafuta. Picha iwekwe tu pale tangazo linapoitaka.

Namba ya kitambulisho cha NIDA nayo haina kazi kwenye wasifu unaotumwa huku na kule. Itunze mpaka utakapoombwa na mfumo au ofisi inayoeleweka. Wasifu uliochapwa steshenari hubaki kwenye kompyuta ya watu, na ule uliotumwa kwa WhatsApp ya mchapaji hubaki kwenye simu yake, ukiwa na jina, tarehe ya kuzaliwa na simu yako. Tangu mwaka 2022 tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, lakini mlinzi wa kwanza ni wewe: ukimaliza kuchapa, simama hapo hapo uhakikishe faili limefutwa. Na akikupigia mtu kusema umepata kazi, ila utume kwanza fedha ya fomu au ya vipimo, ujue ni tapeli aliyeipata namba yako mahali fulani.

Kwa wanaolenga utumishi wa umma, mambo yana sura yake. Maombi hupitia Ajira Portal ya Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, na huko wasifu si karatasi pekee. Unajaza vipengele kimoja kimoja, kisha unaambatisha vyeti. Matangazo yake yameendelea kusisitiza kwamba hati za matokeo za kidato cha nne na cha sita na matokeo ya muda ya chuo hayakubaliki. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe. Anayemaliza mitihani Julai na kusubiri mahafali ya mwisho wa mwaka ana miezi ya katikati ambayo mlango huo bado umefungwa kwake. Miezi hiyo aitumie kwa kampuni binafsi, mashirika, na nafasi za uzoefu kazini kwa wahitimu zinazoratibiwa na Wakala wa Huduma za Ajira, TaESA.

Kingine kinachowaangusha wengi kabla ya usaili ni majina. Cheti cha kuzaliwa kina majina matatu, cha kidato cha nne kina mawili, NIDA imegeuza herufi moja, na shahada imefuata la sekondari. Wasifu wenye jina la nne, lile mwombaji analoitwa nyumbani, unaongeza mkanganyiko. Chagua jina la vyeti vyako, liwe hilo hilo kila mahali, na kama tofauti ni kubwa, shughulikia hati ya kubadili majina ukiwa mwaka wa pili au wa tatu. Ukisubiri mpaka tangazo litoke, muda hautakutosha.

Nimesema usibuni idadi. Nataka nilikazie hilo, kwa kuwa kishawishi ni kikubwa na wenzako watakwambia kila mtu anafanya. Aprili 2017, pale Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti na waziri wake wa Utumishi, Angellah Kairuki. Watumishi 9,932 walibainika kuwa na vyeti vya kughushi, wakaondolewa. Wapo waliokuwa kazini miaka mingi, wana familia, wana mikopo. Najua cheti cha kughushi na wasifu uliotiwa chumvi si kosa lenye uzito mmoja. Lakini anayeandika kwamba "aliongoza" kazi aliyoitazama tu, au kwamba anazungumza Kifaransa alichokisoma muhula mmoja, ataulizwa kwenye usaili na watu wanaoijua kazi hiyo. Swali la pili tu, sauti inaanza kutetemeka. Na aliyekuwa na mambo mengine kumi ya kweli ataonekana mwongo kwa yote.

Siku hizi steshenari ina mshindani, nayo ni akili mnemba. Mwanafunzi anaiandikia programu ya simuni "nitengenezee CV ya mhitimu wa rasilimali watu", na sekunde chache baadaye anapata kurasa mbili zilizopambwa. Ukizisoma kwa makini utakuta ni faili lilelile la steshenari lililovaa suti: sifa nzito, vitenzi vikubwa, na hakuna hata jina la mtaa. Haiwezi kujua kwamba ulilinganisha mapato ya stendi. Ukiipa orodha yako ya kweli ikusaidie kusahihisha sarufi ya Kiingereza, imekufaa. Ukiiachia ikuwazie, umerudi kwenye foleni ya watu wanaofanana.

Kuhusu lugha, fuata tangazo. Sekretarieti ya Ajira hupokea barua ya maombi kwa Kiswahili au Kiingereza, ila kampuni nyingi na mashirika ya kimataifa husoma Kiingereza. Ninachoshauri kwa yeyote ni kuandaa orodha ya kazi zake kwanza kwa Kiswahili, kwa sababu hapo ndipo utakumbuka ulichofanya kwa undani. Ukianza kwa Kiingereza, vidole vitakimbilia maneno uliyoyaona kwa wengine. Baada ya hapo tafsiri, mpe mwenye jicho kali asome, na utume kama faili la PDF lenye jina lako. Mabenki na kampuni kubwa zina mifumo inayosoma maandishi kabla mtu hajayaona, hivyo achana na mapambo, safu mbili na vijiduara vya kuonyesha kwamba Kiingereza chako ni nyota nne kati ya tano. Kila unapoomba kazi mpya, soma tangazo upya, na yale uliyoyafanya yanayoshabihiana nalo yapande juu.

Mwisho wa ukurasa kuna wadhamini, na hapo pana uzembe mwingi. Mwanafunzi anaandika jina la mhadhiri aliyemfundisha somo moja pamoja na wenzake mia nne, hakumwomba ruhusa, na namba ya simu ni ya miaka mitatu iliyopita. Mwajiri anapiga, mhadhiri anasema hamkumbuki. Heri ungemwandika msimamizi wa fildi aliyekuona kila asubuhi, au msimamizi wa utafiti aliyesoma rasimu zako zote, hata kama hana cheo kikubwa. Na umwombe kwanza. Kwa mhadhiri, ujumbe mfupi wenye heshima unatosha: "Shikamoo Daktari. Mimi ni mwanafunzi uliyenisimamia utafiti wa bei za korosho katika AMCOS za Masasi mwaka jana. Ninaomba nafasi ya ofisa ushirika, na ningependa kukuweka kuwa mdhamini wangu endapo utaridhia. Nimeambatisha tangazo na wasifu wangu, ili ukipigiwa simu uwe na habari kamili." Akiridhia, muulize ni namba ipi na barua pepe ipi angependa itumike, na usaili ukishapita mpigie kumshukuru, umepata au hukupata, kwa sababu utamhitaji tena.